Mashine Haina Shemeji

Mwaka ule nilikosa usingizi kwa swali moja: mashine isiyojua kudanganya ikisema jambo la uongo, ni nani aliyedanganya? Nililigeuza kila upande. Nikisema ni mashine, nilijijibu kwamba mashine hufanya kile nilichoiandikia. Nikisema ni mimi, nilikumbuka kwamba majina sikuyachagua mimi, wala tarehe, wala kanuni. Nikisema ni meneja, nilikumbuka kwamba hakuwahi kugusa hata kitufe kimoja. Mtu mwingine angejigeuza ubavu wa pili akalala. Mimi sikuumbwa hivyo. Jambo likiniingia kichwani halitoki mpaka limetafuna kila kitu lilichokikuta humo.

Nilidhani nimeshalizika swali hilo. Mwezi uliopita nilialikwa harusi Kahama, mtoto wa mwalimu mwenzangu anaoa, na kwenye meza ya wazee nikamwona Bwana Masanja, aliyekuwa meneja wangu. Amezeeka vizuri. Koti la kijivu, fimbo yenye kichwa cha fedha, vijana wakimletea soda kabla hajaomba. Aliniona kabla sijajificha. "Skola! Bibi Kompyuta! Njoo hapa uniamkie." Mimi mwenyewe nina wajukuu, lakini nilikwenda nikainama nikasema shikamoo, naye akaitikia marahaba huku ameshika mkono wangu asiuachie. Akawageukia wenzake. "Mnamwona huyu mama? Huyu aliwahi kuniua. Aliniua kwa mashine, mbele ya wageni wa makao makuu, nikafufuka palepale!" Meza nzima ikacheka. Mzee mmoja akamwuliza, "Alikuua vipi, Mzee Masanja?" Akasema, "Mwache asimulie mwenyewe. Wasimulie, Skola." Nikasema muziki una kelele. Nikarudi kwenye kiti changu nikala pilau bila kujua kama lina chumvi. Kilichonichoma ni kwamba aliisimulia kama kichekesho, na kwamba alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu yeye alifufuka. Wengine hakuwataja. Sasa, kwa kuwa aliniambia nisimulie, nasimulia.

Nilifika kiwandani na sanduku la bati, godoro lililofungwa kwa kamba ya katani, na digrii ya hisabati ambayo hakuna aliyejua ifanye kazi gani. Kilikuwa kiwanda cha kuchambua pamba, upande wa Ushirombo, katikati ya miaka ya themanini, na siku hizi hakipo. Kuta zimebaki na mbuzi wanalala ndani. Niliajiriwa kwa majaribio, na barua ya kunithibitisha kazini ilitegemea kalamu ya Bwana Masanja, mtu mrefu, msafi, mpole wa sauti, aliyependwa kanisani na sokoni. Kompyuta ilikuwa imeletwa na mradi wa wafadhili kabla sijafika. Waliiweka katika chumba kilichokuwa stoo ya mbegu, wakapiga nondo dirishani, wakafunga kiyoyozi, cha pekee katika kiwanda kizima, kisha wakaifunika mashine kwa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua, kama redio ya sebuleni. Mlangoni watu walivua viatu. Sikuwahi kujua nani aliweka sharti hilo, lakini hata meneja alilifuata, na soksi zake zilikuwa safi siku zote. Nyuzi za pamba zilielea kila mahali, zikatua kwenye nywele, kwenye chai, kwenye kope, kwa hiyo kila asubuhi nililowesha shuka nikalitundika mlangoni lizidake. Chumba kilinuka shuka mbichi na mafuta ya mbegu. Nilikipenda. Naona vibaya kusema hivyo sasa, lakini nilikipenda kuliko chumba changu cha kulala.

Mtaalamu wa mradi, kijana wa Kizungu ambaye wafanyakazi walimwita Bwana Disketi kwa sababu alitembea nazo mfukoni kama wengine wanavyotembea na sigara, alinifundisha kwa wiki chache, kisha akarudi kwao. Siku ya kwanza kuachwa peke yangu niliondoa kitambaa, nikawasha, nikangoja. Kioo kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani. Yalitokea maneno machache ya kukaribisha, halafu kile kialama kinachopepesa kikaanza kunisubiri. Kila kitu kilifanyika palepale, kwenye kioo kimoja: pale unapoandika amri ndipo unapoziendesha, na ndipo makosa yako yanapotokea hadharani. Kila mstari ulipewa namba, na namba zilikwenda kumi, ishirini, thelathini, ili baadaye ukikumbuka jambo upate pa kulichomeka katikati. Nikawaza kwamba hatimaye nimekutana na kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya watu wa aina yangu.

Niliandika mstari wa kumi: chapisha jina langu. Niliusoma na kuusoma tena kabla ya kuandika RUN, yaani endesha, na kubonyeza. Mashine ikajibu kwamba mstari wa kumi una kosa. Nilikuwa nimeruka herufi moja. Niligeuka nyuma kuangalia kama kuna aliyeona, na chumbani nilikuwa peke yangu. Nikasahihisha, nikabonyeza tena, na jina likatokea, SKOLASTIKA, kijani, limenyooka, bila kutetemeka kama mwandiko wangu. Furaha ile sitaikana. Nilicheka kwa sauti. Kisha tamaa ikaniingia, nikaongeza mstari wa ishirini unaoirudisha mashine kwenye mstari wa kumi, na jina langu likaanza kushuka kwenye kioo kama maji ya bomba lililopasuka, likashuka, likashuka, na mimi sikujua namna ya kulisimamisha. Nilibonyeza kila kitufe nilichokifahamu. Nikafikiri labda linatokea pia huko makao makuu, kwenye kila mashine yao, na kesho watauliza huyu Skolastika ni nani. Mwishowe nilikifunika kioo kwa kitambaa cha maua na kukaa pembeni, nikisubiri. Aliyeniokoa ni jenereta. Mashine za kukandamiza pamba zilipoanza zamu ya mchana, taa zilififia kama kawaida, kompyuta ikazimika, na jina langu likafa nayo.

Aliyenilisha mwaka ule alikuwa mama wa kantini, Mama Kabula. Hakuna mtu kiwandani aliyemwita kwa jina jingine. Meneja alimwita Mama Kabula, wapakiaji walimwita Mama Kabula, na Kabula mwenyewe alikuwa msichana mkubwa aliyeolewa Masumbwe. Asubuhi alipika chai ya maziwa na michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, iliyochemshwa na karanga. Mchana ugali wa mtama, mlenda, na dagaa kama gari la kutoka ziwani lilipita. Alikuwa na kifua kipana na sauti ya kuvuka uwanja mzima, na alinihurumia kwa wembamba wangu. Kwa kuwa hakupenda kuvua viatu vyake vya matairi, alinipitishia kikombe kati ya nondo za dirisha.

"Mayu, hiyo inakula nini?" aliniuliza mara moja, akichungulia. Mayu ni mama kwa Kisukuma. Ndivyo alivyowaita wasichana aliowapenda.

"Inakula umeme na majina."

"Majina ya watu?"

"Ya wafanyakazi wote. Bwana Disketi aliyaingiza kabla hajaondoka."

"Hii ni mashine au ni mkwe? Kunywa chai, inapoa. Unaitazama kama imekuchumbia."

Kazi niliyoachiwa na Bwana Disketi ilikuwa imeandikwa kwenye karatasi moja: programu ya kutafuta watu walioandikishwa mara mbili. Wafanyakazi hewa, ndivyo tunavyowaita siku hizi. Kanuni yake ilikuwa fupi. Jina la kwanza likifanana, jina la mwisho likifanana, na tarehe ya kuzaliwa ikifanana, basi ni mtu mmoja. Nilikuwa nimemwambia, kwa woga na kwa Kiingereza changu cha darasani, kwamba huku kwetu jina hupewa mtoto kwa jinsi alivyokuja. Pacha wa kwanza ni Kulwa, wa pili ni Doto, anayewafuata ni Shija, awe wa kiume au wa kike, na aliyezaliwa mvua ikinyesha ni Mabula. Kwa hiyo nchi imejaa Kulwa na Mabula wasiojuana. Aliniuliza, "Na tarehe je? Tarehe nazo zinafanana?" Nikasema nitafikiri. Akacheka, akasema nafikiri sana, majina mawili na tarehe moja yanatosha dunia nzima. Basi nikaandika. Siku nzima, mwezi mzima, nikichomeka mistari katikati ya mistari, nikipoteza kila kitu kila jenereta ilipokohoa, nikianza upya. Nilipoijaribu kwa majina ya kubuni, ilitoa jibu sahihi kila mara. Nilijiona mtu.

Joto la mchana lilipozidi, wakubwa walikuja kupoa kwenye chumba changu. Walivua viatu, wakaketi kwenye viti vya mbao chini ya kiyoyozi, wakaongea kana kwamba mimi ni sehemu ya vifaa. Siku moja Bwana Masanja alikuja na mhasibu, mtu mnene aliyehema hata akiwa amekaa.

"Makao makuu wanataka nipunguze watu kabla ya msimu," meneja alisema, akipangusa shingo kwa leso. "Nitampunguza nani? Nusu yao tunasali nao. Nusu nyingine ni wakwe na watani. Nikimgusa mmoja, Jumapili mama yake ananisubiri mlango wa kanisa."

"Piga kura," mhasibu akasema.

"Kura wataniambia nimeiba." Akaionyesha kompyuta kwa kidevu. "Huyu ndiye atakayepunguza. Mimi nina shemeji kila kijiji hapa mpaka Buseresere. Mashine haina shemeji."

Mhasibu akacheka mpaka akakohoa. Nami nilicheka kidogo, kwa adabu. Huo mcheko mdogo nimeubeba miaka yote hii.

Niliendesha programu kwenye majina halisi asubuhi moja ya Jumatatu. Printa ilipiga kelele yake ya kusaga meno, na karatasi ikatoka na jozi za majina. Zilikuwa nyingi kuliko nilivyotegemea. Nilipotazama tarehe nikaona kitu ambacho ningepaswa kumjibu Bwana Disketi siku ile: karibu wote walizaliwa tarehe moja Julai. Karani wa zamani, alipokuwa anaandikisha watu wasiojua siku yao, na hao walikuwa karibu kila mtu, aliwaandikia katikati ya mwaka. Mwaka nao aliukadiria kwa uso, arobaini, arobaini na tano, hamsini. Kwa mashine yangu, Wasukuma na Wasumbwa wazima wa makamo walikuwa wamezaliwa siku moja kama vifaranga. Nilikaa nikizitazama zile jozi. Mojawapo ilikuwa Shija Mabula na Shija Mabula. Mmoja nilimfahamu, alikuwa mkandamizaji wa marobota ya pamba, kijana wa zamani mwenye vidole viwili vilivyokatika. Wa pili sikumjua, nikajiambia, kwa ahueni ninayoikumbuka vizuri, pengine huyu kweli ni hewa.

Mama Kabula alileta chai. Aliona karatasi ndefu. "Umeilisha leo imeshiba? Na mimi nimo humo, mayu?"

Nikatafuta kwa macho, kwa mzaha. "Mama Kabula hayumo."

"Kabula amenizaa yeye au nimemzaa mimi? Tafuta jina langu la kazini."

"Jina lako la kazini nani?"

Aliona haya. Mwanamke yule mwenye sauti ya kuvuka uwanja alishusha macho kama msichana. "Hakuna anayeniita hivyo tangu nitoke kwa baba. Shija. Mama yangu alijifungua mapacha, kisha mimi. Shija, wa mzee Mabula."

Mkono wangu ulikuwa juu ya jina lake. Programu ilipokuta jozi ilimwacha wa kwanza kwenye orodha na kumtia alama wa pili, na Mama Kabula alikuwa wa pili. Mwaka mzima alinilisha, na mimi sikujua anaitwa nani. Huku kwetu hiyo ndiyo heshima. Mwanamke akishazaa, jina lake hufichwa nyuma ya mtoto, na kuliuliza ni utovu wa adabu. Heshima ile ndiyo iliyomwacha bila wa kumtambua. Nilimwambia hapana, hayumo, chai ni tamu. Alikwenda zake akiimba.

Niseme mapema, asiwepo anayengoja mwisho mwema. Mama Kabula alipunguzwa kazini, akazeeka akiuza michembe stendi ya Ushirombo, na nilipokuwa nafundisha hesabu Masumbwe nilipita pale mara nyingi, akanikirimia na kukataa nilichompa. Barua yangu ya kuthibitishwa haikutiwa sahihi kamwe. Hayo ndiyo yaliyotokea. Ninachotaka kueleza ni jinsi yalivyotokea, kwa sababu yule mzee wa harusini anaeleza vingine.

Nilikwenda kwa meneja siku hiyohiyo. Niliongea vibaya. Nikihofu, maneno yangu huja yote kwa pamoja, na nilianza na karani wa zamani, nikaruka kwa Bwana Disketi, nikarudi kwenye mapacha. Alinisikiliza kwa upole hadi mwisho.

"Skola, binti yangu. Ulipokuja uliniambia una wasiwasi na nyaya. Nyaya ziko salama. Ukaniambia una wasiwasi na unyevunyevu. Tukaleta shuka. Kisha ukawa na wasiwasi jina lako limefika makao makuu. Leo una wasiwasi na tarehe za kuzaliwa."

"Lakini hili ni kweli, Bwana Meneja. Mama Kabula ni mtu. Tunamwona."

"Namwona. Nimekula ugali wake leo." Akafunika kalamu yake. "Kama programu yako ni mbovu, sema ni mbovu, nami nitaandika makao makuu kwamba kijana tuliyepewa hawezi kazi. Kama ni nzima, acha iseme. Chagua moja, usinipe yote mawili."

Nilitoka na kandambili mkononi. Tangu nitoke chumba cha kompyuta nilikuwa nimesahau kuzivaa. Kilichoniuma hakikuwa vitisho. Niliumia kwa sababu alikuwa amesema ukweli juu yangu. Nilikuwa nimetumia mwaka mzima kuhofia vitu visivyokuwepo, na sasa kilikuwepo kimoja, na sauti yangu ya kukisemea ilikuwa ileile.

Wageni wa makao makuu walikuja na gari jeupe. Mlinzi wa lango aliwafungulia, akakakamaa, akapiga saluti mpaka vumbi likamtoka kwenye kofia. Waliingia chumbani kwa soksi, wakasimama wamebanana, na meneja akatoa hotuba fupi juu ya sayansi. Nikaendesha programu. Printa ikasaga meno, wakapiga makofi. Mkubwa wao, bwana mwenye miwani ya kamba, akauliza, "Na maofisa je, wameshahakikiwa?" Maofisa walikuwa kwenye disketi yao. Meneja akasema hakuna haja. Mgeni akasema kwa furaha, "Tufurahi tu, tuone kasi yake!" Nilikuwa nimeshaishika ile disketi. Niliwaza, na safari hii niliwaza kwa haraka, kwamba meneja naye ni mtoto wa huku, naye hakuzaliwa hospitali. Alikuwa pacha wa kwanza. Jina lake kamili lilikuwa Kulwa Masanja.

Nikaingiza disketi, nikaunganisha orodha zote mbili, nikabonyeza. Tulingoja. Printa ikaanza, na karibu na mwisho ikatoa jozi mpya: Kulwa Masanja, meneja, na Kulwa Masanja, mlinzi wa lango. Tarehe moja Julai, mwaka uleule. Nilifikiri imekwisha, sasa wameona wenyewe kwamba mashine inakosea, sasa Mama Kabula amepona na wote wamepona, na sikulazimika hata kufungua mdomo. Kisha bwana wa miwani akaangua kicheko. "Masanja! Kumbe wewe ni hewa!" Chumba kizima kikacheka, na meneja akacheka pia, akajigusa kifuani, mabegani. "Jamani, mimi si huyu hapa? Mnaniona? Basi kama mmoja wetu ni hewa, ni yule mwingine." Akachukua kalamu mfukoni, akakata jina lake kwa mstari mmoja ulionyooka. La mlinzi akaliacha kwenye orodha ya hewa. Wakacheka zaidi. Kupitia nondo za dirisha nilimwona Kulwa Masanja wa lango akiusafisha kwa kitambaa mlango wa gari la wageni.

Hicho ndicho kichekesho kilichosimuliwa Kahama. Na tangu siku ile swali langu la usingizini likabadilika, likawa rahisi na chungu zaidi. Kwa meneja, kosa la mashine lilisahihishwa kwa kalamu kabla ya soda kuisha. Kwa wengine, ukweli wa mashine ulikuwa ukweli. Nani aliyedanganya haikuwa siri tena. Kilichobaki ni mimi nafanya nini, na hilo lilinitesa zaidi, kwa kuwa kwa kuingiza disketi ile nilikuwa nimemwongeza mtu mwingine kwenye shimo.

Mkutano wa wafanyakazi uliitishwa kantini Ijumaa iliyofuata. Asubuhi Bwana Masanja aliniita ofisini. Barua yangu ya kuthibitishwa ilikuwa mezani, imepigwa chapa, bila sahihi. Hakuigusa. "Leo utasimama, Skola. Maneno machache. Utasema programu umeiandika wewe, umeijaribu, na mashine haikosei. Watu wanakuamini, wewe si mtu wa maneno mengi mbele za watu." Nikaitikia ndiyo. Nilirudi chumbani, nikafunua kompyuta, nikaketi mbele ya kile kialama kinachopepesa. Nilijaribu kutunga hotuba. Niliandika namna ya kusema kweli bila kumwaibisha meneja, nikafuta. Nikaandika namna ya kumtii bila kusema uongo, nikafuta. Niliwaza juu ya chumba kile, ubaridi wake, na kwamba huenda nisiguse tena mashine kama ile maisha yangu yote. Kwa hilo sikukosea sana. Ilipita miaka mingi sana kabla sijagusa nyingine. Mchana ulipofika sikuwa na hotuba. Nilichokuwa nacho ni kanuni ya Bwana Disketi, na nikaona kwamba inaweza kuendeshwa hata bila umeme.

Kantini ilijaa mpaka nje. Wapakiaji walikaa sakafuni, wakandamizaji wamesimama ukutani na nyuzi kwenye nywele, na Mama Kabula alikuwa jikoni kwake anasikiliza huku anakoroga, kwa kuwa watu watakula mkutano ukiisha. Meneja alieleza kwa huzuni nzuri kwamba serikali imetaka, makao makuu yametaka, na kwamba yeye binafsi hakumchagua mtu. "Mashine ndiyo iliyosema," akasema. "Mtaalamu wetu yupo. Skola, waeleze."

Nikasimama. Nilianza kwa sauti ndogo. Mtu mmoja nyuma akasema, "Ongea, dada, tusikie!" na mwingine akamjibu, "Mwache, hata mashine inapasha moto kwanza." Wakacheka, na kicheko kile kikanisaidia.

"Programu niliiandika mimi," nikasema. "Haijui watu. Inajua herufi na tarehe. Nitawaonyesha inavyofanya. Nikiita jina, mwenye jina hilo asimame."

Meneja alitikisa kichwa kukubali, bado hajaelewa.

"Shija Mabula."

Mkandamizaji wa marobota alijitoa ukutani, akanyoosha ule mkono wake wa vidole pungufu. Watu wakamtazama. Nikarudia jina. Jikoni mwiko ukawekwa chini, na Mama Kabula akatokea mlangoni akijifuta mikono kwa kanga, akiwa na haya, akasema, "Ni mimi pia." Minong'ono ikapanda. Mtu akasema, "Kumbe Mama Kabula anaitwa Shija?"

"Mashine inasema hao ni mtu mmoja," nikasema. "Hesabuni wenyewe."

Nikaita jozi ya pili, wakasimama wawili. Ya tatu, wakasimama wawili. Kelele ikawa kubwa, na nilimwona mhasibu akimvuta meneja mkono wa shati. "Inatosha, Skola," Bwana Masanja akasema kwa ile sauti yake ya upole. "Kaa."

Sikukaa.

"Kulwa Masanja," nikaita.

Mlinzi wa lango, aliyekuwa amesimama nje dirishani kwa sababu lango haliachwi peke yake, akavua kofia na kuinua mkono. Nikamgeukia meneja kwenye kiti chake, nikamtazama usoni, nikangoja asimame.